Msusi Aliyefundisha kwa Mikono: Marehemu Dosenti Velichka Racheva (1949–2024)

Marehemu Velichka Stamenova Racheva alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Novemba 1949, mjini Sliven, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Stamen Karadzhov na Bibi Gina. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na wote wawili walikuwa wafumaji katika kiwanda cha nguo. Wenzao wenye kusikia walitoka zamu wakiwa wameziba masikio, wakilalamika kwamba mashine zitawaua. Stamen na Gina walitoka wakicheka, kwa sababu siku nzima walikuwa wamepiga soga kwa mikono, kutoka mashine hii hadi ile, bila kusumbuliwa na mtu.

Alipokuwa mchanga, mama yake alimfunga uzi wa sufu mguuni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, ili mtoto akilia na kurusha miguu, mama ajue. Kabla hajatimiza mwaka alikwisha kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "maziwa", nalo alilisema kwa kufumba na kufumbua kiganja. Kwa mdomo alichelewa. Maneno ya mdomo alifundishwa na jirani, Bibi Rusa, aliyemkalisha juu ya ukuta wa ua na kumtajia vitu kimoja kimoja: kuku, ndoo, upepo. Alipofika miaka minne alizungumza Kibulgaria sawasawa na Bibi Rusa, yaani kwa lafudhi ya kijijini kabisa, pamoja na kile kikohozi cha mvuta tumbaku.

Alianza shule Septemba 1956. Mwanzoni walimu walimkalisha nyuma pamoja na wale waliohesabiwa kuwa wazito, kwa kuwa alizoea kumtazama mtu usoni kwa muda mrefu kabla ya kumjibu. Haukupita muda wakagundua kwamba tatizo lake si uzito, bali ni kuongea mno. Mwaka 1958, siku ya wazazi, Mwalimu Tsankova alimwita Bwana Stamen mbele ya meza yake, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kutafsiri, alimtumia mtoto mwenyewe.

"Mwambie baba yako kwamba wewe ni mvivu," alisema mwalimu, "na kwamba mdomo wako haufungwi hata kwa kufuli."

Velichka alimgeukia baba yake, akasema kwa mikono: "Mwalimu anasema mimi ni hodari kuliko darasa zima."

Bwana Stamen alimtazama mwalimu, akamtazama binti yake, akarudi tena kwa mwalimu. Kisha akajibu: "Uso wa mwalimu hausemi hivyo. Rudia."

Akarudia, safari hii bila kuacha hata kufuli. Nyumbani hakuchapwa. Baba yake alimweka mbele yake na kumwambia jambo moja, ambalo marehemu aliwaambia wanafunzi wake wote hadi alipostaafu: "Ukibeba maneno ya mtu umebeba mali ya watu. Usiyapunguze njiani."

Februari 1962, akiwa na miaka kumi na miwili, aliitwa kutoka darasani aende hospitali. Mama yake, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alikuwa amepelekwa huko tangu asubuhi. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, na hakuwa mtu mbaya. Alisimama kando ya kitanda, akamwambia mtoto: "Mweleze mama yako kwamba mtoto amefia tumboni, na inabidi tumtoe leo." Velichka aliuliza, "Nimwambie mimi?" Daktari akajibu, "Mimi nitamwambiaje, binti yangu? Sijui lugha yenu."

Alimwambia. Alilisema lote kama lilivyosemwa, akasubiri mama yake aulize, naye mama aliuliza maswali matatu. Yale matatu aliyatafsiri kwa daktari, na majibu yake akayarudisha kwa mama. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka baba yake alipofika kutoka zamu, na habari ile akaisema mara ya pili. Tangu siku hiyo hadi alipokuwa mtu mzima hakuizungumzia tena na yeyote, wala wazazi wake hawakuizungumzia naye. Mdogo wake Kiril, aliyekuwa na miaka saba, alikumbuka tu kwamba dada yake alikaa wiki nzima mikono yake ikiwa mifukoni.

Aliacha shule mwaka 1964, baada ya darasa la nane. Alama zake zilikuwa nzuri, lakini nyumba ilihitaji mtu wa kwenda ofisi ya makazi, posta, na kwa fundi wa paa, na kila mahali huko palihitaji mdomo. Alijifunza ususi kwa miaka miwili, na mwaka 1966 akaajiriwa katika saluni ya ushirika karibu na soko, chini ya Bi. Nedyalka, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa aliyeiendesha saluni ile kama meli ya kivita.

Hapo ndipo mikono yake ilipopata jina. Mwanamke kiziwi akikaa kwenye kiti cha saluni huwa amekatiwa mazungumzo, maana msusi yuko nyuma yake. Kwa Velichka haikuwa hivyo. Yeye alizungumza nao ndani ya kioo. Kitana kikiwa mkono wa kulia, aliongea kwa mkono wa kushoto. Akiwa na pini mdomoni, aliongea kwa nyusi. Lililohitaji mikono miwili aliligawa: nusu kwa kidole kimoja kilichobaki huru, nusu kwa bega. Wanawake wa kiwandani waliokuwa zamu ya asubuhi walijaa saluni mchana, hata wale ambao nywele zao zilikuwa zimetengenezwa juzi yake.

"Hii ni saluni au bunge?" Bi. Nedyalka alikuwa akipiga kelele. "Huyu ametoka hapa jana! Leo anataka nini tena, nimpake rangi ukuchani?"

"Anataka kumaliza habari ya wifi yake, mama," Velichka alijibu bila kugeuka.

"Na wifi amekuwaje?"

"Ngoja kwanza, hajafika hapo."

Bi. Nedyalka alisubiri, sega mkononi, pamoja na saluni nzima.

Tarehe 17 Septemba 1972 alifunga ndoa na Bwana Encho Rachev, fundi wa mabasi. Encho alikuwa anasikia, wala hakuwahi kukutana na kiziwi kabla hajaipeleka posa. Kwa kuwa alitaka kumwomba baba mkwe kwa lugha yake mwenyewe, alijifunza sentensi moja kutoka kwa Kiril, akaifanyia mazoezi gereji kwa siku tisa. Siku yenyewe alisimama wima mbele ya Bwana Stamen, jasho likimtoka, akanyanyua mikono na kusema kwa uwazi kabisa: "Naomba ruhusa kumkaanga binti yako."

Bwana Stamen hakutingisha hata mshipa. Aliuliza: "Kwa mafuta au kwa siagi?"

Ndoa hiyo ilidumu miaka hamsini na mmoja. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Radoslav, aliyezaliwa mwaka 1974.

Safari iliyomfikisha marehemu chuo kikuu ilianzia mahakamani. Mei 1981 mfumaji kiziwi aitwaye Dobri Vasev, mtu mpole wa miaka hamsini na tano, alishtakiwa kwa wizi wa vitambaa vya kiwanda. Karatasi ya upelelezi ilisema amekiri kila kitu. Mkewe Dobri alikuwa mmoja wa wateja wa saluni, na ndani ya kioo alimweleza Velichka akilia: mume wangu hajaiba, lakini akisemeshwa kwa mdomo hukubali kila kitu, maana amechoka maisha yake yote kuonekana mpumbavu. Velichka akavua aproni, akamwomba Bi. Nedyalka ruhusa ya asubuhi moja.

Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani mizito. Alimuuliza: "Wewe ni mkalimani?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Una cheti gani?"

"Cha ususi, Mheshimiwa."

Ukumbi uliangua kicheko. Velichka alimgeukia Dobri, na kicheko nacho akakitafsiri, kwa kuwa kilikuwa sehemu ya yaliyosemwa. Kisha akasema: "Mheshimiwa, kabla sijaanza nina ombi moja. Muulize wewe mwenyewe swali, kwa mdomo, kwa sauti kubwa, kama alivyoulizwa wakati wa upelelezi. Mimi nitatia mikono mfukoni."

"Swali gani?"

"Muulize kama ameiba mlima."

Mwendesha mashtaka alisimama kupinga. Hakimu alimpungia akae, labda kwa udadisi tu, akainama mbele na kusema kwa sauti: "Wewe, Vasev! Ni wewe uliyeiba huu mlima wa Sliven?"

Dobri aliitazama midomo ya hakimu kwa makini. Akatabasamu kwa adabu, akakubali.

"Peke yako?"

Akakubali tena.

"Ukautia wapi, kwenye gunia?"

Dobri akakubali kwa bidii zaidi, akiona hakimu anapendezwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Velichka akatoa mikono mfukoni, akamweleza Dobri yote, neno kwa neno: ameulizwa nini na amejibu nini. Dobri akageuka kuutazama mlima uliokuwa pale pale dirishani, akajibu kwa mikono, na Velichka akaipaza sauti yake: "Anasema mniwie radhi, ataurudisha."

Kesi ilianza upya kwa mkalimani. Baada ya wiki tatu vitambaa vilionekana katika ghala jingine, na Dobri Vasev alirudi kwenye mashine yake.

Kaka yake wakili wa Dobri alikuwa Dosenti Ognyan Minkov, mhadhiri wa isimu kutoka Sofia, aliyekuja siku ile kumtembelea nduguye tu akajikuta ameketi ukumbini. Kesho yake alikwenda saluni. Alikuwa na kipara kinachong'aa kama sahani.

"Tukukate nini, baba?" Bi. Nedyalka alimuuliza.

"Sina cha kukatwa, mama. Nimekuja kuzungumza na dada huyu."

"Hapa wanaozungumza hukaa kitini."

Akakaa. Velichka alimfunga shuka shingoni, akaanza kumpaka manukato kichwani, huku ndani ya kioo akiendelea na wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni. Minkov aliangalia kwa muda.

"Dada, unajua unachokifanya?"

"Najua. Napaka manukato kwenye kipara."

"Mimi wanafunzi wangu wanasoma habari za lugha kumi na mbili," alisema Minkov. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona lugha ikikatwa nusu, ikapinduliwa kwenye kioo, na bado watu wakaelewana. Njoo uwaonyeshe."

"Mimi nina darasa la nane, mzee."

"Na mimi nina vitabu. Tuchangie."

Kuanzia Oktoba 1981, kila Alhamisi, marehemu alipanda treni ya alfajiri kwenda Sofia na kurudi jioni. Mumewe ndiye aliyemwamsha, akamfungia mkate na jibini, akabaki na mtoto. Majirani walipomuuliza Encho mkewe anakwenda kufanya nini mji mkuu kila wiki, aliwajibu: "Anafundisha maprofesa kunyamaza." Jibu hilo lilikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani. Somo la kwanza marehemu alilolifundisha chuoni lilikuwa saa moja ya kimya. Aliingia, akafunga mlango, akawaonyesha wanafunzi kumi na wanane kwamba ana kiu na anataka maji, akasubiri. Hakuna aliyeruhusiwa kutumia mdomo. Maji aliyapata baada ya dakika arobaini, yaliletwa na binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Militsa Daneva, ambaye baadaye alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kuhitimu ukalimani.

Kwa kuwa hakuwa na shahada, chuo hakikuweza kumwandika kuwa mwalimu. Kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa "fundi wa vifaa", na kwa miaka tisa alifundisha kwa cheo hicho, ingawa vifaa vyenyewe vilikuwa mikono yake miwili. Mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye naye ametangulia mbele za haki na ambaye marehemu alimsamehe mapema, hakuficha mawazo yake. Alimwambia kwenye ngazi, mbele za watu: "Bibi, hizi ishara za mikono ni mchezo wa mabubu sokoni. Si lugha."

"Sawa, profesa," alijibu. "Basi Alhamisi ijayo nitakuja na kikapu."

Na alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na pilipili za kuchoma.

Alielewa, hata hivyo, kwamba kikapu hakitoshi. Mwaka 1982, akiwa na miaka thelathini na miwili, alijiandikisha sekondari ya jioni mjini Sliven, akakaa dawati moja na madereva na wasichana wa kiwandani. Alimaliza mwaka 1985, na vuli ile ile akapokewa chuo kikuu, katika idara ile ile aliyokuwa akifundisha. Alihamia Sofia pamoja na familia. Kwa miaka mitano asubuhi alikuwa mwalimu na mchana mwanafunzi, mara nyingine katika chumba kimoja, akitoka mbele ya ubao kwenda kukaa safu ya tatu. Mwaka 1988 alifanya mtihani wa muundo wa lugha za alama, akapata tano kati ya sita. Alipouliza kosa liko wapi, aliambiwa jibu lake halifanani na maelezo ya somo. Maelezo ya somo alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe. Alipohadithia kisa hicho kwa baba yake, Bwana Stamen alimwambia: "Basi umeanza kusahau. Kasome." Alihitimu mwaka 1990. Mama yake, Bibi Gina, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Tasnifu yake ya uzamivu, iliyohusu mazungumzo ya viziwi ndani ya kioo na wakati wa kazi, ilimchukua miaka sita. Aliitetea siku ya Ijumaa, tarehe 23 Mei 1997, akiwa na miaka arobaini na saba. Ukumbi ulijaa kuliko ilivyozoeleka, maana kutoka Sliven basi zima la viziwi lilifika, likiendeshwa na Bwana Encho. Militsa Daneva alisimama pembeni akiwatafsiria.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjumbe wa mwisho wa jopo alipouliza. Hakuuliza kwa dharau. Alisema: "Nimekubali kwamba kwa mikono watu wanaweza kuzungumzia kilichopo: nywele, kitambaa, wifi. Swali langu ni hili. Je, lugha hii inaweza kusema kisichokuwepo? Majuto, kwa mfano. Jambo ambalo mtu angelifanya na hakulifanya?"

Marehemu alifungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, mzee mmoja safu ya mbele alisimama. Alikuwa Bwana Stamen, miaka sabini na sita, amevaa suti aliyofungia ndoa. Aliomba ruhusa ya kusema, na mwenyekiti, baada ya kuwatazama wenzake, akampa.

Bwana Stamen hakuligeukia jopo. Alimgeukia binti yake, na binti, kwa mazoea ya maisha yote, akaanza kumtafsiri kwa sauti.

"Mwaka elfu moja mia tisa sitini na mbili," alisema, "tulimtuma mtoto wa miaka kumi na miwili kubeba neno ambalo daktari alipaswa kulibeba. Ningeweza kuacha zamu asubuhi ile. Niliambiwa mke wangu amepelekwa hospitali, nikasema nitakwenda jioni, maana Velichka yupo, Velichka atasema. Ningekuwa mimi kando ya kile kitanda..."

Hapo sauti ya marehemu ilikatika. Baba yake aliendelea kusema kwa mikono, naye aliendelea kumtazama, lakini hakuna kilichotoka kinywani mwake. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka minne, maneno ya baba yake yalipita bila yeye kuyabeba. Militsa ndiye aliyesogea mbele na kuyachukua.

"Ningekuwa mimi pale," Militsa alitafsiri, "yeye angebaki shuleni akipiga kelele. Kila alipopita mbele yangu na mikono yake mifukoni nilitaka kumwambia. Miaka thelathini na mitano sikumwambia. Haikuwa kwa kukosa neno. Neno tunalo. Ni hili." Na mzee akalionyesha: ngumi iliyolegea, ikashushwa taratibu kifuani, kama mtu anayejivua kitu kilichoshonewa ngozini.

Yule mjumbe wa jopo alisema hana swali jingine. Marehemu alipata shahada yake bila kura ya kupinga. Wale wa Sliven walipokuwa wakinyanyua mikono na kuitikisa hewani, ambavyo ndivyo viziwi wanavyoshangilia, yeye alikuwa amekaa sakafuni karibu na kiti cha baba yake, wakizungumza karibu karibu, mikono chini, ili mtu mwingine asione. Walichoambiana hakukisema kwa mtu, na familia haikumuuliza. Bwana Stamen aliaga dunia mwaka 2001.

Marehemu alifundisha chuo kikuu kwa miaka thelathini na saba, kuanzia fundi wa vifaa hadi dosenti, cheo kilicho chini ya profesa, alichokipata mwaka 2004. Aliwafundisha wakalimani mia mbili na kumi na wanne. Alikuwa mwalimu mkali. Hakuvumilia mkalimani anayepamba maneno, wala anayelainisha matusi, na aliwahi kumfelisha kijana hodari kwa kuwa alitafsiri "mjinga wewe" kuwa "sikubaliani nawe". Kanuni yake ya kwanza waliijua wote: "Ukimkuta mtoto kati ya daktari na mzazi wake, mwondoe mtoto kwanza. Salamu baadaye." Yeye mwenyewe aliitwa hospitalini mara zisizohesabika, na popote alipofika alimpa mtoto chokoleti, akamtuma akaangalie magari dirishani, ndipo akamgeukia daktari.

Ususi hakuuacha. Walirudi Sliven alipostaafu mwaka 2014, na kila Jumamosi alikwenda klabu ya viziwi na mkoba wake, akawatengeneza akina mama na kuwanyoa wazee. Akiulizwa kwa nini dosenti anyoe watu ndevu, alisema kwamba shahada yake ya udaktari haijui kunyoa.

Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ulitambuliwa mwaka 2016. Ulianzia mkono wa kushoto, ule wa kioo. Rafiki yake wa tangu saluni, Bibi Stoyka, alimwambia waziwazi klabuni: "Siku hizi unagugumiza kama mlevi." Akamjibu: "Na wewe unasikia vibaya kama kiziwi." Wakacheka mpaka mzee aliyekuwa ananyolewa akaomba wembe uwekwe chini kwanza.

Chuo kilikuwa kimemwomba aendelee na somo moja la Alhamisi, naye akaendelea. Novemba 2018 aliingia darasa la mwaka wa kwanza, wanafunzi thelathini ambao hawakuwahi kujifunza alama kwa mtu mwingine. Aliwafundisha neno "subira", akawataka walirudie. Mikono thelathini ilinyanyuka, na yote thelathini ilitetemeka. Walikuwa wameiga kila kitu, kwa uaminifu kabisa, pamoja na ugonjwa.

Marehemu aliinamisha uso. Militsa, aliyekuwa msaidizi wake siku ile, alidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, akacheka mpaka akashika meza, akatafuta kiti. Alipopata pumzi aliwaambia vijana wale: "Mmefanya vizuri kabisa. Hamkupunguza kitu njiani." Kisha akamwita Militsa kando.

"Wiki ijayo fundisha wewe."

"Mwalimu, nitawaeleza tu kwamba ule mtetemo..."

"Mwanangu, leo ni mtetemo. Kesho nitasahau kidole, nao watasahau kidole. Lugha ya watu hiyo. Fundisha wewe."

Akavaa koti lake, akashuka ngazi taratibu akimshikilia Encho mkono. Hakufundisha tena. Ndani ya treni, anasimulia mumewe, aliitazama mikono yake mapajani kutoka Sofia hadi karibu na nyumbani, kisha akailaza juu ya mkono wa Encho, ikatulia kidogo.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya kupungua. Sauti ilififia kabla ya mikono. Tangu majira ya kiangazi ya mwaka jana aliongea kwa alama tu, fupi fupi, na Encho, Kiril na Bibi Stoyka ndio waliomwelewa bila kurudia. Hakuwa na uchungu mwingi, na daktari wake, aliyekuwa na subira ya kungoja jibu, alikuja kila Jumatatu.

Jumamosi iliyopita, tarehe 3 Februari, theluji ilianguka na upepo wa mlimani ukavuma tangu asubuhi. Daktari alikuwa amekataza wageni kwa sababu ya mafua yaliyokuwa yameenea mjini. Mchana wanawake saba wa klabu ya viziwi, wakiongozwa na Bibi Stoyka mwenye miaka themanini na mmoja, walikuja hivyo hivyo, wakasimama uani chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza. Encho alimwinua mkewe, akamkalisha kwenye kiti mbele ya dirisha, akamwekea mto mgongoni. Dirisha halikufunguliwa. Walizungumza kupitia kioo, wao wakiwa wamevua glavu kwenye baridi ile, yeye akiwa na blanketi magotini, akijibu kwa vidole vilivyobaki. Walizungumza kwa muda wa saa nzima. Walimpa habari za mjini zote, za arusi, za bei ya kuni, za nani amegombana na nani. Jirani mpya aliyekuwa anasukuma theluji alimuuliza Encho mlangoni: "Hao akina mama wana nini? Nimwite mtu?"

"Acha, kaka," Encho alimwambia. "Wanapiga soga."

Jua lilipokwenda kujificha nyuma ya mlima walivaa glavu zao, wakaondoka. Marehemu aliomba abaki pale pale kitini. Mumewe alipomuuliza kama amechoka, alijibu kwamba hapana, bali Stoyka hajamaliza habari.

Dosenti Velichka Racheva alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Mumewe alikuwa naye.

Ameacha mume, Bwana Encho Rachev; mwana, Radoslav, na mkewe Teodora; wajukuu wawili, Gina na Boyan; mdogo wake, Kiril Karadzhov; wanafunzi mia mbili na kumi na wanne; na viziwi wa Sliven, ambao leo wamesimama mbele, wanapoweza kuona.

Sala za padri zitatafsiriwa na Dk. Militsa Daneva. Baada ya maziko wote mnakaribishwa klabuni, kwa ngano ya kuchemsha, maharage na divai. Wasiojua alama wakae kati ya wanaojua. Ndivyo alivyotaka.

Mikono yake imetulia. Mwenyezi Mungu ampokee, naye apumzike kwa amani.